Kabla ya Kufuta

Fundi wa Buhongwa, hapa Mwanza, hakuigusa laptopu mpaka aliponiuliza swali. Ilikuwa ingali mkobani, nimeipakata kama mtoto mwenye homa, na kijana anayejifunza kazi kwake alikwisha kunisogezea kiti. "Mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma, "humu ndani kuna nini ambacho hutaki kipotee?"

Miaka yote niliyozunguka kwa mafundi wa mashine hizi, swali nililozoea ni jingine: "Tukupigie windo gani?", yaani waweke upya Windows ipi. Hapo hapo bei inatajwa, fleshi inachomekwa, na baada ya muda mfupi unakabidhiwa laptopu nyepesi, safi, isiyokukumbuka. Sina ugomvi na neno "kupiga" lenyewe. Kiswahili kinapiga kila kitu: kinapiga pasi, kinapiga picha, kinapiga deki. Ninachokiogopa ni wepesi wa mkono ulio nyuma ya neno hilo.

Mwaka 2016 nilipeleka mashine yangu kwa fundi mmoja katikati ya mji. Ilikuwa inaganda. Sikuulizwa kitu, nami sikujua kwamba ilinipasa kusema. Ndani yake kulikuwa na sauti ya mama yangu, dakika 11, niliyoirekodi uani kwetu siku alipokuwa akimweleza mwanangu namna ya kutengeneza matobolwa. Viazi vinachemshwa kwanza, vinamenywa, vinakatwa, ndipo vinaanikwa juani. Ukivianika vibichi utapata michembe, na mama hakuweza kumvumilia mtu anayechanganya viwili hivyo. Dakika ya tatu jogoo anawika karibu kabisa na simu. Mama anamfokea kwa Kisukuma, mwanangu anacheka, mama naye anacheka, kisha anasahau alipoishia na kuanza upya kwenye kuchemsha. Mwishoni anauliza, "Bado inanasa hiyo?" Ndiyo maneno ya mwisho.

Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya mimi kuipeleka mashine ile mjini. Nilikuwa siisikilizi sana, kwa sababu nilijua ipo. Fundi yule alinirudishia laptopu ikiwaka kwa kasi ambayo haikuwa nayo hata ilipokuwa mpya, akatabasamu, na alikuwa na haki ya kutabasamu, maana kazi aliyofundishwa aliifanya. Usiku nilitafuta folda moja hadi nyingine. Nilizima, nikawasha, nikatafuta tena, kama mtu anayerudia kupapasa mfuko aliokwisha kuona umetoboka.

Kwa hiyo swali la fundi wa Buhongwa lilinikuta pabaya, na nilichelewa kumjibu.

Fremu yake iko hatua chache kutoka barabara kuu iendayo Usagara na Shinyanga, kati ya wakala wa pesa na saluni. Wateja wawili wakiingia, wa tatu anasubiri nje. Juu ya meza ana trei ya mayai, na kila shimo la trei lina skrubu za mahali pake: hili la mfuniko wa chini, hili la kibodi, hili la feni, hili la bawaba za kioo. Skrubu ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa bodi, na mashine iliyokuja na ugonjwa mmoja inaondoka na miwili. Alijifunzia kwenye redio kwa mjomba wake, na bado ana desturi ya watu wa redio: husikiliza kwanza.

Laptopu yenyewe ni ThinkPad nyeusi ya mwaka 2012, iliyokuwa ya marehemu kaka yangu. Aliinunua ikiwa mtumba uliopitia Dubai, na mgongoni bado ina kibandiko cha namba ya ofisi fulani ya Ulaya. Nilimwambia fundi ukweli: sijui kuna nini humu, ila kaka aliwahi kuichukua ile sauti ya mama kutoka kwangu, akaniambia ameihifadhi. Fundi akaitika kwa kichwa, akaiwasha, akainama na kuweka sikio kwenye kona ilipo diski. Diski za aina ile huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na nzima hutoa mvumo mwembamba tu. Hii ilikuwa na mkwaruzo, kama ukucha juu ya bati. Akaizima papo hapo. "Hii tusiiwashe tena ovyo. Kila ikiwaka inajichuna."

Akaichomoa diski, akaiunganisha kwa waya na mashine yake, akaanza kuinakili yote kabla ya kufikiria jambo jingine. Programu anayoitumia ina adabu ya ajabu. Huchukua kwanza yanayochukulika. Ikikuta jeraha huliruka isije ikalichokonoa, na mwisho, mengine yote yakiwa salama, hurudi kwenye majeraha moja moja na kuyabembeleza. Kazi hiyo ilichukua usiku na mchana. Kufuta na kupiga windo kungechukua chini ya saa moja.

Nilirudi kesho yake kwa kisingizio cha kuulizia, lakini kwa kweli nilitaka kuona. Alikuwa ameifungua mashine yote. Kwenye feni kulikuwa na kitu kama kipande cha blanketi: vumbi la barabara ya Buhongwa lililoshikamana miaka kadhaa, na ndani yake mabawa ya vijidudu vya ziwani, vile vinavyopanda angani kama moshi na kuingia hata kwenye kikombe cha chai. Alikibandua kwa koleo, kikatoka kizima. Kumbe mashine ilikuwa ikipumua kupitia kitambaa hicho, na sisi tulikuwa tukiilaumu kuwa nzito. Akapaka dawa mpya ya kupoza juu ya prosesa, kiasi cha punje ya mchele, akaufuta mkono wake kabla ya kushika kitu kingine.

Kisha betri ndogo ya duara, kama ya saa ya mkononi, ambayo kazi yake ni kuiwezesha mashine kukumbuka tarehe hata ikiwa imezimwa. Ilikuwa imekufa. Kila ilipowashwa, laptopu ya kaka ilidhani iko katika mwaka uliopita kitambo, na tovuti zikakataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vilionekana havijaanza kutumika. Watu wangapi wametupa mashine kwa kosa la betri ya ukubwa wa sarafu!

Sikumwuliza kwa nini hakuniwekea Windows. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya toleo ambalo mashine ya 2012 haina. Mashine yenye kioo kizima, kibodi isiyopoteza hata herufi moja na bawaba zinazokaza kama mlango wa kanisa, imetangazwa mzee na watu wasioiona. Fundi yeye huweka Linux Mint, ndugu mdogo wa Ubuntu, mfumo ulioanza mwaka 2004 kwa jina ambalo sisi Wabantu hatuhitaji kutafsiriwa: utu. Mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili kuanzia menyu ya kwanza. Wataalamu walikaa wakabishania neno moja moja. Nimewauliza wahitimu wa kompyuta kuhusu kazi hiyo. Wengi hawajawahi kuisikia. Tunasahau hata tuliyoyaandika kwa lugha yetu wenyewe.

Faili la mfumo wa Mint lina karibu gigabaiti 3, na fundi hulipakua kwa bando la usiku. Kabla ya kulitumia anahakikisha halikuharibika njiani, kwa kuwa walioutengeneza hutoa pamoja nalo alama ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 64. Mashine inaweza kulinganisha yenyewe kufumba na kufumbua. Yeye humpa kijana karatasi asome kwa sauti, naye hufuata kwa kidole kwenye kioo: saba, efu, mbili, sifuri, ei... Wakipotea wanaanza mwanzo. Nilimwuliza ya nini taabu yote hiyo. Akasema, "Ili mkono wake uzoee kutokuwa na haraka."

Halafu akaazima betri nzima kutoka laptopu nyingine ya aina ile ile, akaichomeka kwenye ya kaka, umeme usije ukakatika katikati ya kazi. Diski ya zamani aliifunga kwenye karatasi, akaandika jina langu juu. Mahali pake aliweka diski isiyozunguka, aliyoitoa kwenye laptopu iliyokufa bodi. Nililipa shilingi 60,000 kwa vyote. Kwingine windo linapigwa kwa 10,000, na ninajua ni wapi watu wengi watakwenda.

Hatukuwa wepesi wa kufuta na kutupa hivi. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, fedha za kigeni zikiwa adimu, na wizara ya fedha ikiwa imekwisha kuumia na mradi wake wa kompyuta. Sitamani siku zile zirudi. Lakini nilikulia katika nchi ambayo kitu kilichoingia kilitunzwa mpaka kitoe roho, kisha kikapewa roho nyingine. Meli ya MV Victoria imekuwa ziwani tangu 1961. Ilisimama 2014, na mwaka 2020 ikarudi majini kwa injini mpya ndani ya mwili ule ule, na wazee wa Bukoba na Mwanza wakaitambua kwa umbo kabla ya kusoma jina. Hakuna aliyesema ni chuma kikuukuu. Mbona laptopu ya mwaka 2012 tunaiona maiti?

Duniani kote, mwaka 2022 zilizalishwa tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu hazikufika robo. Hesabu hiyo ni kubwa mno kwa kichwa changu. Ninayoielewa ni ya Buhongwa, kwa sababu dampo la jiji liko huku huku, na malori ya taka ya Mwanza nzima hupita mbele ya fremu ya fundi. Anapigwa vumbi na yale yale anayojaribu kuyapunguza.

Siku ya tatu aliniita. Alikuwa ameviweka vitu vya kaka mahali pamoja, na hakuwa amefungua hata kimoja. "Fungua mwenyewe, mayu. Mimi nimebeba tu." Kulikuwa na daftari la mahesabu ya kikundi cha kuzikana, majina 43, michango imeandikwa mpaka mwezi aliougua. Kulikuwa na barua za kuombea watoto wa watu kazi. Kulikuwa na folda iitwayo Mama.

Ndani ya folda ile mlikuwa na picha za kadi ya kliniki, picha mbili za mazishi, na alama moja yenye mshale mdogo kwenye kona, imeandikwa "Mama matobolwa". Nadhani nilitoa sauti, kwa kuwa kijana aliinuka akanipisha kwenye benchi. Fundi aliiangalia kwa muda, kisha akasema polepole, kama mtu anayeleta habari kutoka hospitali: "Hii ni njia ya mkato, mayu. Inaonyesha faili lilikokuwa linakaa. Lenyewe halimo. Lilikuwa kwenye fleshi."

Jina lipo, sauti haipo. Kaka alikuwa na fleshi nyingi, nyingine hazina vifuniko, zimelala kwenye droo pamoja na chaja za simu zisizojulikana za nani. Tulipoanua matanga tulisafisha chumba chake. Tulikuwa wengi na tulikuwa na haraka, magari yalikuwa yakisubiri. Droo ile ilimwagwa kwenye kiroba. Nami nilikuwa mmoja wa waliofagia, na hakuna aliyeuliza kuna nini humu.

"Nikuwekee hata hivyo?" fundi akauliza. Uzito wa ile njia ya mkato haufiki kilobaiti 2, na kwenye mfumo mpya haifungui kitu.

"Niwekee."

Nilivuka barabara na mkoba kifuani. Malori yalikuwa yakipanda kuelekea dampo, ikabidi nisimame yapite. La mwisho lilikuwa limejaa kupita kiasi, na juu kabisa, pembeni ya turubai, palikuwa na kioo cha kompyuta ya zamani, kile chenye kisogo kikubwa, kimegeuzwa kutazama nyuma. Barabara yote ya Buhongwa ilionekana ndani yake, na watu, na mimi, tukizidi kuwa wadogo.