Manowari ya Bomba Tatu: filamu imeona bomu, haikuona boila

Kuna filamu ya mwaka 1976 inaitwa Shout at the Devil, imeongozwa na Peter Hunt, wamo Lee Marvin na Roger Moore. Imetokana na riwaya ya Wilbur Smith. Meli ya vita ya Wajerumani imejificha delta ya Rufiji, mashujaa wanategesha bomu ndani yake, inalipuka, mchezo umekwisha. Sisi watu wa Dimani na Kibiti tukiiangalia lazima tusisimke kidogo, maana delta yetu imefika sinema, hata kama picha zenyewe zilipigwa Malta na Afrika Kusini.

Sina ugomvi na filamu kutunga. Meli yake inaitwa Blücher, ya kweli ilikuwa Königsberg, hilo halina shida. Ugomvi wangu ni wa kisayansi: inatufundisha kwamba meli ya vita huwa na nguvu kwa ukubwa wake, na hushindwa kwa ujasiri wa mtu mmoja na mlipuko mmoja. Kilichotokea Rufiji mwaka 1914 na 1915 kinasema kitu tofauti kabisa.

Tuanze na sifa za kwenye karatasi. Königsberg ilikuwa na urefu wa kama mita 115, mizinga 10 ya milimita 105, na mwendo wa zaidi ya kilomita 44 kwa saa. Watu wa pwani waliipa jina Manowari ya Bomba Tatu, kwa mabomba yake matatu ya moshi. Tarehe 20 Septemba 1914 iliivamia meli ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar, ikaizamisha. Lakini Pegasus ilikuwa pale inafanya nini? Ilikuwa imesimama kwa matengenezo ya mitambo yake. Na mshindi naye hakwenda mbali: mitambo yake ilileta hitilafu, ikabidi aingie Rufiji kujificha atengeneze. Yaani meli mbili, zote wagonjwa, na mmoja alimkuta mwenzake kitandani.

Hapa filamu nitaipa haki yake. Inaonyesha vyuma vizito vikivutwa nchi kavu kwenda kuitengeneza meli, na kweli vipuri vya Königsberg vilivutwa na vibarua hadi karakana ya Dar es Salaam na kurudishwa deltani. Kazi ile ndiyo iliyoirudishia meli uwezo wa kutembea. Filamu inaipitia kama mandhari tu, wakati ndiyo kiini cha habari.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Chukua mfumo wenye sehemu 10, na kila sehemu ina uhakika wa asilimia 95 wa kufanya kazi leo. Unaona vizuri, sio? Sasa zidisha 0.95 mara 10. Unapata kama 0.6. Maana yake siku 4 kati ya 10 mfumo mzima umelala, ingawa kila fundi ataapa kwamba sehemu yake ni nzima. Huo ni mfano wangu tu, lakini kanuni ni ya kweli: mnyororo hauna huruma na kiungo kimoja. Na Königsberg hata ilipopona haikuwa na makaa ya mawe ya kutosha, huku Waingereza wakilinda milango ya delta.

Basi Waingereza nao si walikuwa na meli kubwa zaidi? Walikuwa nazo, ila hazikufaa. Delta ina maji mafupi, na meli kubwa ingekwama kwenye tope. Walileta ndege za maji za Sopwith, nazo joto likazishinda: hewa ya moto ni nyepesi, bawa linapata msaada mdogo na injini inapungua nguvu. Mwishowe wakaleta Severn na Mersey, meli fupi, za polepole, zisizovutia hata kidogo, zinazoelea kwenye maji yasiyofika mita 2. Ukiziweka kwenye jedwali la kulinganisha manowari, zinashika mkia.

Tarehe 6 Julai 1915 zilifyatua makombora zaidi ya 600, yakapiga machache tu. Mikoko iliwazuia kuona shabaha, kwa hiyo ndege ilikuwa juu ikituma masahihisho kwa redio. Tatizo ni kwamba meli zote mbili zilipiga kwa pamoja, na aliyekuwa angani hakujua kombora lipi ni la nani. Tarehe 11 Julai wakapiga kwa zamu. Bunduki zilezile, mto uleule, jibu tofauti. Wenzangu wa maabara mnaijua sheria hii: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ndege ya John Cull na Harwood Arnold ilipigwa, na ikiwa inashuka Arnold akaendelea kutuma masahihisho. Siku hiyo Königsberg iliwaka, na Wajerumani wenyewe wakaimalizia kwa kuilipua.

Usidhani haya ni ya zamani tu. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa makombora ya Patriot ulikuwa umewashwa kwa saa zaidi ya 100 mfululizo. Saa ya kompyuta yake ilikuwa imekosea kwa kama theluthi moja ya sekunde. Kwa mwendo wa kombora la Scud, hiyo ni zaidi ya nusu kilomita. Patriot haikufyatua kabisa, na askari 28 wa Marekani wakafa. Programu iliyorekebishwa ilifika kesho yake. Kuizima na kuiwasha tena kungeirudisha saa ile sifuri.

Kwa hiyo ukiona video inayopanga meli, ndege na makombora kwa kasi na masafa, uliza maswali matatu. Linawaka siku ngapi kati ya 10? Nani anajua kulitengeneza, na karakana iko wapi? Nani anamwambia mpigaji kwamba amekosea, na kwa kiasi gani? Filamu ile haikuuliza hata moja. Ingeyauliza, vibarua waliovuta vile vyuma wasingekuwa watu wa kupita nyuma ya picha.