Katalogi isiyojua ngeli huficha vitabu vyetu

Safu hii imezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Leo ningependa kuhakiki maandishi ambayo aghalabu hayahakikiwi: katalogi ya maktaba. Najua msomaji ataniuliza, katalogi ina nini cha kuhakikiwa? Si orodha tu ya vitabu? Ndiyo, ni orodha. Lakini ni orodha iliyoandikwa na watu, kwa lugha fulani, kwa kufuata kanuni fulani. Riwaya mbaya unaweza kuiweka kando ukachukua nyingine. Katalogi mbaya hukunyima hata ile nzuri, na wala hujui kwamba umenyimwa.

Kilichonisukuma ni kisa kilichonipata muhula uliopita. Mwanafunzi wangu wa uzamili aliwasilisha pendekezo la utafiti kuhusu nyimbo za jando katika jamii yake. Kwenye mapitio ya maandishi akaandika ile sentensi ambayo wanafunzi wetu huipenda mno: kwamba hakuna utafiti wowote uliowahi kufanywa kwa Kiswahili kuhusu mada hiyo. Nami, msimamizi wake, nikatia sahihi. Siku ya kutetea pendekezo, mwenzetu mmoja mstaafu aliyealikwa kwenye jopo alivua miwani, akamwambia kwa upole, "Binti yangu, kazi hiyo ipo. Niliitahini mimi mwenyewe, na nakala iko maktabani hapo chini."

"Prof, nimetafuta. Haipo."

"Haipo wapi?"

"Kwenye mfumo."

Jopo lilimrudisha akaandike upya. Muhula mzima ukaenda hivyo, pamoja na karo ambayo mamake alikuwa ameichanga kwa taabu. Kesho yake tulishuka maktabani sisi wawili. Tasnifu tuliipata kwenye rafu, jalada lake jekundu, vumbi tele. Mkutubi mmoja mkongwe akatufungulia droo ya kadi za zamani ambazo hakuwa ameruhusu zitupwe. Kadi ilikuwepo, imepigwa chapa vizuri, jina la mwandishi, anwani, mwaka. "Profesa," akaniambia, "kwenye kadi haijawahi kupotea. Imepotea tulipopata programu mpya."

Sitataja chuo wala programu, kwa sababu nimeuliza kwingine na kisa ni kilekile. Ila nitaeleza jinsi kitabu kinavyoweza kuwa kwenye rafu na kwenye tarakilishi, na bado kisipatikane. Katika kisa chetu kulikuwa na kufuli tatu.

Kufuli ya kwanza ni lugha. Kila kitabu katalogini kina maelezo yake: mwandishi, anwani, mchapishaji, mwaka, lugha, mada. Maelezo haya ndiyo wataalamu wanayoyaita metadata, yaani taarifa kuhusu taarifa. Maktaba nyingi ulimwenguni huyaandika kwa muundo unaoitwa MARC, ambao Henriette Avram na wenzake waliubuni katika Maktaba ya Congress ya Marekani miaka ya 1960 ili mashine iweze kuisoma kadi. Humo, lugha ya kitabu huonyeshwa kwa herufi tatu: Kiingereza ni eng, Kiswahili ni swa. Sasa, rekodi zilipohamishwa kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya, nyingi hazikuwa na herufi hizo. Mtu aliyepanga uhamisho akaiagiza mashine ijaze eng kila palipokuwa patupu. Kwa amri moja, tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili kuanzia tabaruku hadi hitimisho ikawa ya Kiingereza. Mwanafunzi wangu alipobofya palipoandikwa "Kiswahili pekee", mashine ilimtii. Ikaificha.

Kufuli ya pili inatuhusu zaidi sisi watu wa lugha. Hata angetafuta katika lugha zote, asingeipata, kwa kuwa aliandika "wimbo" ilhali anwani ya tasnifu inasema "nyimbo". Hebu tutazame jambo hili kwa makini. Kwa Kiingereza, wingi mara nyingi hujitokeza mwishoni mwa neno. Ndiyo maana programu za katalogi humruhusu mtafutaji aandike mwanzo wa neno na kutia kinyota mwishoni. Ukiandika "song" na kinyota, utapata umoja na wingi pamoja. Nyingine hukutilia kinyota hicho zenyewe bila hata kukuambia. Ni hila nzuri kwa lugha inayobadilika mkiani.

Kiswahili hubadilika kichwani. Mtoto ni watoto, kitabu ni vitabu. Katika ngeli ya U-ZI mambo huwa magumu zaidi: wimbo ni nyimbo, uso ni nyuso, ulimi ni ndimi. Katika LI-YA, jino ni meno na jicho ni macho. Kinyota cha mwishoni hakisaidii kitu hapa. Ukiandika "wimbo" na kinyota utapata "wimbo" na labda "wimboni", basi. Mwanafunzi wa darasa la nne nchini Kenya anajua kwamba wimbo na nyimbo ni neno moja. Mashine iliyonunuliwa kwa pesa za umma haijui.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni gumu kiufundi. Sikubali. Programu hiyohiyo mpya ina sifa moja ambayo lazima niisifu. Ukiandika "Ngugi" bila alama zozote, inakuletea vitabu vya Ngũgĩ wa Thiong'o, jina lake likiwa limeandikwa ipasavyo. Zaidi ya hayo, inakuletea hata Weep Not, Child, riwaya iliyotoka mwaka 1964 kwa jina la James Ngugi, kwa kuwa mahali fulani mkutubi alikaa akaandika kwamba huyu na yule ni mtu mmoja. Kama mashine inaweza kufundishwa kwamba u na ũ ni ndugu, na kwamba James aliyelikana jina hilo ndiye Ngũgĩ, haiwezi kushindwa kufundishwa kwamba wimbo ni nyimbo. Injini nyingi za kutafutia zimejengwa juu ya programu huria iitwayo Lucene, ambayo huja na vichanganuzi vya lugha kadha wa kadha. Kiarabu kimo, Kihindi kimo, hata Kiestonia, lugha ya watu wapatao milioni moja, kimo. Kiswahili hakimo katika orodha hiyo. Waestonia hawakutushinda kwa wingi wala kwa utajiri wa lugha. Walijitokeza tu.

Kufuli ya tatu ni mada. Mwanafunzi alipojaribu kutafuta kwa mada, aliandika "jando". Mada ya tasnifu ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo karibu kila kitabu cha Kiswahili katika maktaba zetu. Si ajabu. Maktaba ya Congress imekuwa na ofisi hapa Nairobi tangu 1966, inayokusanya na kuorodhesha vitabu vya Afrika Mashariki, na kazi yake ni ya kuheshimika. Pana vijitabu vya miaka hiyo ambavyo huenda vingekuwa vimepotea kabisa kama si wao. Lakini wanaandika mada kwa Kiingereza kwa ajili ya wasomaji wao, kama inavyowapasa. Kasoro iko kwetu. Kitabu kinaandikwa Mombasa, kinachapishwa Nairobi, kinaelezwa kwa Kiingereza kwa ajili ya msomaji wa Washington, kisha sisi tunayanakili maelezo hayo kumpa msomaji wa Voi.

Nje ya kisa hiki kuna dosari ya nne, ya majina. Fikiria mwanafunzi anayetaka kujua mchango wa Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano. Kazi zake za ubunifu ziko chini ya jina hilo. Makala zake za kitaaluma kwa Kiingereza amezitia jina Said A. M. Khamis. Kanuni ya kigeni ya kutanguliza jina la mwisho humgawanya mtu huyu mara mbili, mmoja kwenye M na mwingine kwenye K. Kisha humpanga kwenye M karibu na Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Kiu na Nyota ya Rehema, ambaye ni mtu mwingine kabisa, naye ni Mzanzibari. Hata marehemu Ken Walibora, tuliyemzoea kwa Siku Njema, aliandika taaluma yake ng'ambo akitumia pia jina la Waliaula. Katalogi isiyoyaunganisha majina haya humwonyesha msomaji nusu ya mtu.

Nisiwe mnyimi wa haki. Katalogi mpya zina mazuri yake. Mwanafunzi aliyeko kijijini anaweza kuona kwa rununu kama kitabu kimeazimwa au la kabla ya kupanda matatu. Hakuna anayelilia droo za kadi. Hoja yangu ni kwamba kila programu inaposasishwa, maamuzi ya lugha hufanywa, na katika chumba cha maamuzi hayo kuna mtaalamu wa tarakilishi, kuna afisa wa ununuzi, pengine kuna mkutubi, lakini hakuna mtu wa Kiswahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo unaishia mlangoni mwa chumba hicho.

Na je, sisi tungeitwa, tungesema nini? Hapa naomba nijihakiki. Mkutubi yule mkongwe aliniuliza swali lililonitoa jasho: "Profesa, nikitaka kuandika mada kwa Kiswahili, niandike utendi au utenzi?" Nikaanza kumweleza habari za Kiamu na Kiunguja, historia ya d na z. Akanisikiliza kwa adabu kisha akasema, "Sawa, lakini niandike lipi?" Tumefanya makongamano mangapi kuhusu istilahi za fasihi, jamani? Tumebishana kuhusu shairi huru, kuhusu semi, kuhusu ngano na hekaya, kila mmoja akarudi na kitabu chake na istilahi zake. Katalogi haihitaji mshindi wa mjadala huo. Inahitaji orodha inayosema: ukitafuta utendi, tazama pia utenzi; ukitafuta jando, tazama pia tohara na nyiso. Ni kazi ya miezi michache kwa watu kumi wenye nia. Wakutubi hawawezi kuifanya peke yao, na sisi tumewaachia peke yao.

Nafasi ipo. Maktaba nyingi za vyuo vyetu zinatumia Koha, programu ya bure iliyoanzishwa na maktaba ndogo ya Horowhenua, New Zealand, mwaka 1999, ikaanza kazi Januari 2000. Jina lenyewe ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, tena zawadi ya kupeana, inayomtazamia mpokeaji naye atoe. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuurekebisha. Matoleo mapya hutoka mara mbili kwa mwaka, na tafsiri zake hufanywa na watu wa kujitolea katika lugha mbalimbali. Kwa hiyo idara ya Kiswahili ikishirikiana na idara ya kompyuta ya chuo hichohicho inaweza kuwapa wanafunzi mradi wa kufundisha injini ya kutafutia ngeli za Kiswahili, na matunda yakawafikia watu wa Dodoma, Zanzibar na Bujumbura bila mtu kuomba kibali. Ila tusidanganyike kwamba kutafsiri vitufe kunatosha. Kitufe kilichoandikwa "Tafuta" juu ya injini isiyojua wimbo na nyimbo ni kibao kizuri kwenye duka lililofungwa.

Wengine wataniambia nisihangaike, akili unde itamaliza haya yote. Huenda itasaidia. Lakini nayo itasoma rekodi zilezile, na rekodi ikisema tasnifu ni ya Kiingereza, nayo itatuambia, kwa ufasaha mkubwa, kwamba hakuna utafiti uliowahi kufanywa kwa Kiswahili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuna mali, na daftari tunalo. Limeandikwa na asiyeijua mali yenyewe.

Mwanafunzi wangu ameandika upya pendekezo lake. Sasa atalinganisha nyimbo alizokusanya mtafiti yule wa zamani na zinazoimbwa leo, na kusema kweli kazi imekuwa bora kuliko ile ya kwanza. Rekodi ya tasnifu imesahihishwa; mkutubi aliibadilisha tukiwa tumesimama nyuma yake, ikamchukua chini ya dakika moja. Kisha akatuonyesha orodha ya nyingine zenye dosari ileile. Aliishusha kwa kidole kwenye kioo, ikashuka, ikashuka, hadi nikamwomba asimame.

Kwa hiyo nina ombi moja kwako msomaji, uwe mwalimu, mwanafunzi au mwandishi. Ukipita maktabani wiki hii, tafuta katalogini kitabu cha Kiswahili ambacho una hakika kipo. Ukikikosa, usiondoke kimyakimya. Nenda kwa mkutubi, mwandikie kwenye karatasi jina la mwandishi, anwani na lugha, umwachie.