Tamaa ya Kukaa Juu

Mwaka jana alinitembelea mwanafunzi wangu wa zamani, mmojawapo wa wale niliowafundisha saikolojia ya elimu chuoni, ambaye chaki ameiacha siku nyingi na biashara imemkubali. Nilikuwa barazani nikisubiri kusikia gari, nikasikia bodaboda. Akashuka, suruali imejaa vumbi hadi magotini. Gari lake, gari kubwa la kifahari lenye nembo ya kampuni iliyopata sifa kwa magari ya mbio (jina lake naliweka kando), alikuwa ameliacha chini, dukani, pale lami inapoishia. "Shikamoo, Mwalimu," alisema kwa haya kidogo. "Magurudumu yake hayapendi mawe."

Njia ya kuja kwangu haizidi kilomita moja na nusu. Probox ya jirani huipanda kila siku ikiwa na mikungu ya ndizi hadi darini. Hata hivyo sikumcheka yule kijana, maana alikuja kunisalimu, na aliyekuja kukusalimu hachekwi. Lakini baada ya kuondoka kwake nilibaki na swali: gari lililoinuliwa juu ya ardhi mithili ya gari la porini, lakini linaogopa njia ya shamba, huyu aliyelinunua alikuwa akitaka nini hasa?

Wenye mapenzi ya magari ya mbio wanalo jibu lao, nalo ni la hasira. Husema kwamba kampuni hizi zimeuza utu wao. Porsche ya Stuttgart, iliyojulikana kwa 911, gari dogo lenye injini nyuma, ilipoonyesha Cayenne mjini Paris mwaka 2002, lilionekana jambo la aibu: gari zito, la milango mitano, lililotengenezwa kwa pamoja na Volkswagen. Baadaye wakafuata wengine. Maserati ilitoa lake mwaka 2016, Lamborghini ikatoa Urus mwishoni mwa mwaka 2017, Aston Martin ikaonyesha DBX mwaka 2019. Hata Ferrari, ambayo mkuu wake Sergio Marchionne mwaka 2016 alijibu kwamba afadhali kwanza apigwe risasi kuliko kutengeneza gari la namna hiyo, ilileta Purosangue mwaka 2022. Marchionne mwenyewe alikuwa ameshalegeza msimamo kabla ya kufariki mwaka 2018.

Naam, ndugu msomaji, mimi nami nilikuwa upande wa hao wenye hasira, na sababu yangu ni ya zamani. Pasaka ya mwaka 1978 tuliketi kuizunguka redio kusikiliza habari za Safari Rally. Mvua ilikuwa kubwa na tope halisemeki. Porsche ilikuwa imeleta 911 mbili zilizoinuliwa kidogo na kukazwa chini yake. Vic Preston mdogo, Mkenya, alimaliza wa pili, na Björn Waldegård wa nne. Peugeot ya Jean-Pierre Nicolas ikashinda. Porsche haikupata kamwe kuishinda Safari, lakini kwa macho yetu gari lile la mbio lilikuwa limethibitisha jambo: limepita katika tope la Kenya bila kugeuka kuwa kitu kingine. Ndiyo maana nilipoiona picha ya Cayenne mara ya kwanza nilijiambia kwamba hawa wamesahau walikotoka.

Leo sisemi hivyo tena. Hesabu zimenikatalia. Porsche iliyouza zaidi ya magari 50,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilianguka hadi chini ya 15,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watu husema Cayenne ndiyo iliyoiokoa, na hapo wanakosea: iliyoinyanyua kampuni ni Boxster ya mwaka 1996, pamoja na wale wataalamu wa Kijapani waliowahi kufanya kazi Toyota, walioitwa kufundisha watu wa Stuttgart namna ya kupunguza ubadhirifu kiwandani. Kazi ya Cayenne ilikuwa kuikuza kampuni iliyokwisha kupona. Mwaka 2024 Porsche ilikabidhi magari zaidi ya 310,000. Cayenne zaidi ya 102,000, na ndugu yake mdogo Macan zaidi ya 82,000. Je, 911 ilikufa? Hasha. Mwaka huohuo ziliuzwa zaidi ya 50,000, yaani mara tatu ya magari yote ambayo kampuni nzima iliuza katika miaka ile ya njaa. Anayelia kwamba gari kubwa limeliua gari dogo anaulilia mwili unaotembea.

Lakini nisije nikadhaniwa nimehamia upande wa wauzaji. Lipo neno ambalo halisemwi. Cayenne ya kwanza ilikuwa na gia za nguvu za mwendo wa polepole, zile za kupandia mlima na kutokea matopeni. Wahandisi wake walichukulia kwa dhati kwamba gari la namna hii litakwenda porini. Kizazi cha pili kilipotoka mwaka 2010 gia hizo zilikuwa zimeondolewa ili kupunguza uzito, na wanunuzi waliongezeka. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu la barazani. Mnunuzi hakutaka pori, na wala hakutaka mbio, maana mbio angezipata kwa gari la chini. Alitaka kukaa juu, watoto nyuma, mizigo ndani, na nembo ile mbele. Kampuni ikamsoma, ikamtolea kile ambacho hakukitumia. Si uongo, ila ni mtihani ambao mtahini amefuta maswali yote magumu, kisha anashangilia jinsi darasa lilivyofaulu.

Lamborghini waliwahi kulijaribu jambo hili kabla wakati wake haujafika. LM002 ya mwaka 1986, yenye injini ya silinda kumi na mbili, ilikuwa gari la jangwani kwelikweli, na hadi mwaka 1993 zilitengenezwa yapata mia tatu tu. Urus, ambayo hukaa mjini, iliuzwa zaidi ya 6,000 katika mwaka 2023 peke yake, kati ya Lamborghini zote 10,112.

Kinachonitia wasiwasi ni utegemezi. China, iliyonunua Porsche zaidi ya 95,000 mwaka 2021, ilinunua chini ya 57,000 mwaka 2024. Mahitaji haya hayana mizizi. Anayependa kukaa juu atakwea chochote kilicho juu, hata kama kimetengenezwa Shenzhen.

Kwa hiyo nawatazama Ferrari kwa makini. Wao walisema Purosangue haitazidi moja ya tano ya magari wanayotengeneza. Nauelewa uzio huo, kwa kuwa nami nilipata kuujenga. Katika chuo nilichokiongoza, fedha za serikali zilipopungua, tulianzisha masomo ya jioni ya kompyuta na uhasibu kwa wanaolipa. Fedha zile ziliezeka upya maktaba na kununua vifaa vya maabara ambavyo walimu wanafunzi walikuwa wakivisoma ubaoni tu. Siwezi kuyalaani. Katika kikao tuliandika kwa wino kwamba wanafunzi wa jioni hawatazidi robo ya chuo, nami nikatia sahihi. Mwaka wa tatu walikuwa wamepita nusu, wakufunzi wangu bora walikuwa wakiomba ratiba ya jioni, na katika kikao cha mwezi huo hakuna aliyeikumbuka ile karatasi, nami sikuwakumbusha.