Jina la Mtoto katika Mila na katika Maandiko

Walimu wetu hupenda kusema kwamba Waafrika huwapa watoto wao majina kama Waisraeli wa kale walivyofanya. Neno hili lina kweli ndani yake, lakini husemwa kwa haraka mno. Majina ya watoto yana namna mbili zilizo mbalimbali, wala hazilingani na Maandiko kwa kadiri moja. Yatupasa kuzipima kila moja peke yake.

Namna ya kwanza ni jina litokalo katika tukio. Mtoto wa Kijaluo aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Okoth, na akiwa wa kike Akoth, kwa kuwa mvua kwao ni koth. Wa usiku huitwa Otieno au Atieno. Waswahili nao wana akina Tabu, Shida na Mashaka, ambao majina yao hushuhudia hali ya nyumba walimozaliwa. Hapa ulinganifu wasimama imara. Isaka aliitwa hivyo kwa sababu ya kicheko, Yakobo kwa sababu ya kisigino alichokishika, na Ikabodi kwa sababu sanduku la Mungu lilitwaliwa na utukufu ukaondoka katika Israeli.

Lakini na tuangalie jambo moja. Katika Kiebrania jina na sababu yake husikika pamoja, maana Isaka na kucheka hutoka katika shina moja. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 imeandika sauti ya jina, kama ilivyopasa, bali maana yake haisikiki. Mjaluo asikiapo Okoth husikia mvua. Asikiapo Isaka hasikii kicheko. Mwalimu asipoeleza, msomaji hudhani kwamba jina la Biblia ni sauti takatifu tu, na jina la kwao ni neno la kawaida lisilostahili kutajwa kanisani.

Namna ya pili ni jina la kurithi. Wakikuyu humpa mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza jina la bibi mzaa baba, na wa pili la bibi mzaa mama. Wako wasemao kwamba hiyo nayo ndiyo desturi ya Israeli tangu mwanzo. Hapo hatukubali. Ni kweli kwamba Nahori, nduguye Abrahamu, alikuwa na jina la babu yake; lakini Isaka, Yakobo na wanawe 12 hawakuitwa kwa majina ya babu zao. Hata katika wafalme wa Yuda waliomfuata Sulemani, hakuna aliyeitwa Daudi. Desturi ya jina la jamaa yaonekana wazi katika Luka sura ya 1, watu walipotaka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake. Na papo hapo wazazi walikataa, akaitwa Yohana. Basi asiyeipenda mila ya Wakikuyu asiihukumu kwa sura hiyo, maana jamaa hawakukemewa. Wala aipendaye asiitumie kuithibitisha. Mila hiyo huwaunganisha wazee na wajukuu, nayo ina heshima yake yenyewe bila shahidi wa kuazima.

Jambo hili si la wasomi tu, kwa maana laamuliwa penye maji ya ubatizo. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917, kanuni ya 761, iliwataka maparoko wahakikishe mbatizwa apewa jina la Kikristo. Wasipoweza, waongeze jina la mtakatifu juu ya lile la wazazi. Waongeze, haikusema wafute. Sheria ya mwaka 1983, kanuni ya 855, yataka tu jina lisiwe geni kwa fikira za Kikristo.

Naye aonaye haya kumbatiza mtoto aitwaye Tabu, na asome habari za Yabesi katika 1 Mambo ya Nyakati sura ya 4. Mama yake alimpa jina la huzuni kwa uchungu wa kumzaa. Naye akamwomba Mungu, akapewa aliyoyaomba, na jina lake likabaki lile lile. Benoni aligeuzwa kuwa Benyamini, lakini aliyemgeuza jina alikuwa baba yake mzazi, si mgeni. Kwa hiyo mwalimu aandikapo jina kitabuni, asiulize kwanza kama limo katika Biblia; na aulize wazazi walikusudia kusema nini walipolitoa.