Msimulizi katika Kazi za Alex Garland

Ni rahisi kudai kwamba Alex Garland, Mwingereza aliyetunga riwaya ya The Beach (1996), aliihama fasihi alipogeukia filamu za ubunifu wa kisayansi. Alichokiacha hasa ni msimulizi. Katika riwaya ile Richard husimulia kwa nafsi ya kwanza, na msomaji hana budi kuyaona yote kwa macho yake. Katika Ex Machina (2014), filamu aliyoiandika na kuiongoza, sauti hiyo haipo. Lau Caleb angalisimulia, Ava, mashine yenye umbo la mwanamke, angalijulikana kwa kinywa cha mwanamume anayemtamani tu. Hivyo, Ava amwachapo Caleb amefungiwa ndani, mtazamaji hana wa kumwambia kama huo ni ukatili au ukombozi. Annihilation (2018), ambamo mhusika mkuu anahojiwa na kueleza yaliyompata, imepoteza sehemu ya uhuru huo.