Mililita Moja Chini ya Ngozi

Mbwa wa kienyeji wa mkoa wa Mara si mkubwa. Humfikia mtu magotini, mbavu zake unaweza kuzihesabu, manyoya yake ni ya rangi ya udongo au meusi yenye soksi nyeupe, na masikio bado hayajaamua kama yasimame au yalale. Hana karatasi ya ukoo, na hakuna anayejishughulisha kumtafutia jina la aina yake. Lakini ana kwao. Katika vijiji vya wilaya za Tarime na Serengeti, karibu kila mbwa unayemkuta akizurura njiani ana boma analolala, ana mtoto anayemwita kwa jina, na ana zizi analolibwekea usiku anaposikia fisi au mwizi wa mifugo.

Ndiyo maana kuokoa mbwa huku hakufanani na kule mjini. Mkoani Arusha lipo shirika la Mbwa wa Africa, linalopokea mbwa waliotupwa, linawatibu na kuwatafutia wenyewe wapya. Kazi hiyo inastahili sifa zake. Tarime na Serengeti, mbwa wengi hawahitaji kutafutiwa nyumba, maana nyumba wanazo. Wanachohitaji ni kuendelea kuishi humo, na adui yao mkubwa ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo dalili zake zikishaonekana hauna tiba, si kwa mbwa wala kwa binadamu. Mbaya zaidi, kijiji kilichoingiwa na hofu ya kichaa hakichagui: wanapigwa wagonjwa na wazima pamoja. Sindano moja inayotangulia ugonjwa humwokoa mbwa na yote mawili, virusi na rungu.

Sindano hiyo ina mafundi wake. Ni maafisa mifugo wa kata, watafiti, madereva, na vijana wa kijiji ambao kazi yao ni kushika. Ukitaka kuujua ufundi wao, kaa chini ya mwembe asubuhi ya siku ya chanjo uwatazame bila haraka.

Kabla ya yote kuna kamba. Jana yake gari la matangazo limepita na kipaza sauti, na mwalimu amewakumbusha wanafunzi mstarini, kwa hiyo wanaokuja kwa wingi ni watoto. Mmoja anamvuta mbwa kwa kamba ya katani, mwingine kwa kipande cha kanga, mwingine kwa mkanda wa suruali ya baba yake. Mbwa hawa hawajazoea kufungwa. Wanajivuta nyuma kwa matako, wanajaribu kutoa kichwa kwenye kitanzi, wanaonana na mbwa wa ukoo wa ng'ambo ya mto na kutaka kumaliza ugomvi wao hapohapo. Mpanga foleni mzuri anajua kwamba foleni ya mbwa haiwi foleni ya benki. Anaacha nafasi kubwa kati ya mbwa na mbwa, anawatanguliza wenye fujo ili waondoke mapema, na anawaweka kivulini waliotulia.

Mchanjaji naye hamwendei mbwa kwa mbele. Anampitia ubavuni, hamkodolei macho, na anazungumza na mtoto badala ya kuzungumza na mbwa.

"Mura, anaitwaje?"

"Simba."

"Anang'ata?"

"Mimi hang'ati."

Jibu hilo linamtosha. Simba atashikwa na mwenyewe kwa nyuma, na mdomo utafungwa. Kitambaa laini hufanywa kitanzi juu ya pua, ncha zake hupishana chini ya taya, kisha hufungwa nyuma ya masikio kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Fundo la namna hiyo lina sababu yake. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi, na akifungwa mdomo kwa muda mrefu juani anaweza kuzidiwa na joto. Kitambaa hakikai hata dakika nzima.

Hapo ndipo vidole vinapoonyesha ujuzi. Ngozi ya kati ya mabega, iliyolegea kwa kila mbwa, huinuliwa mpaka ifanye mkunjo. Sindano huingia kwenye kitako cha mkunjo huo, ikilala sambamba na mgongo, na dawa hubaki chini ya ngozi. Mgeni wa kazi hutoboa mkunjo kutoka upande huu hadi upande wa pili, na chanjo yote huishia kwenye manyoya bila yeye kujua. Mzoefu akishachomoa hupitisha kidole mahali pale. Ukimtazama utadhani anambembeleza mbwa, na kweli anambembeleza, lakini pia anapapasa kama pamelowa. Pakiwa pamelowa anavuta dozi nyingine na kurudia, wala haoni haya mbele ya watu.

Dozi ni mililita 1. Ni hiyohiyo kwa dume la kilo 20 na kwa kitoto kinachoenea kiganjani. Hapa kuna jambo ambalo wafugaji wengi hawalijui, na lililowahi kuzishusha kampeni nyingi: watoto wa mbwa huachwa nyumbani. Wenye mbwa hudhani wangali wachanga mno kwa sindano. Marehemu Dkt. Magai Kaare, daktari wa mifugo Mtanzania aliyezisoma kampeni hizi kwa karibu na ambaye utafiti wake ulichapishwa mwaka 2009, alionyesha jinsi kuwaacha wadogo kunavyotoboa kinga ya kijiji. Baadaye vipimo vya damu vilithibitisha kwamba watoto wa mbwa walio chini ya miezi 3 hupokea chanjo ya kichaa vizuri. Siku hizi mchanjaji anayejua kazi yake hamwachi mtu aondoke kabla ya kumuuliza: "Na watoto je?" Mara nyingi mtu hucheka, anarudi nyumbani, na kutokea tena na ndoo ya plastiki yenye watoto watano wanaolia.

Kaare alieleza jambo la pili pia. Chanjo ya kuwakusanya watu mahali pamoja ilifaulu vizuri katika vijiji vya wakulima wanaofuga, ambako nyumba zimekaribiana. Kwa wafugaji wa kuhamahama waliotawanyika, waliofika walikuwa wachache mno, na ikabidi kuwafuata boma kwa boma. Mwenye ufundi huu hana njia moja anayoilazimisha kila mahali. Anasoma kwanza jinsi watu wanavyokaa.

Kazi yenyewe ina umri. Mwaka 1996 chanjo za mbwa za kila mwaka zilianza kupangwa kwa utaratibu wa kitafiti katika vijiji vya wilaya ya Serengeti. Matokeo ya utafiti ulioongozwa na Sarah Cleaveland, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalionyesha kwamba visa vya kichaa kwa mbwa vilipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na kwa asilimia 97 baada ya ya pili, na watu walioumwa na mbwa waliodhaniwa wagonjwa wakapungua pia. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba kwa vijiji vya Afrika kazi hii haiwezekani. Walidhani mbwa wengi hawana wenyewe na hawashikiki. Kumbe walikuwa na wenyewe, na watoto wa shule waliwashika.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kuanzia Serengeti. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaowapata mbwa, uliingia hifadhini na kuua takriban theluthi moja ya simba, kama 1,000 hivi. Tangu hapo ikaeleweka kwamba afya ya mbwa wa vijiji kama Robanda au Natta na afya ya simba wa Seronera, ndani ya hifadhi, haziwezi kutenganishwa. Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, mbwa hupewa kinga ya distempa pamoja na ya kichaa.

Kila kampeni hulenga kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa kijiji. Kwa nini asilimia 70? Takwimu zilizokusanywa Serengeti na Ngorongoro, na kuchambuliwa na mtafiti Katie Hampson na wenzake, zilionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na ushee tu. Virusi hivi havina kasi. Vinaishi kwa kuvizia pengo. Kinga ya kijiji isiposhuka chini ya kiwango kilicho kati ya asilimia 20 na 45, vinakosa wa kumrukia na kufa. Tatizo ni kwamba maisha ya mbwa wa kijijini ni mafupi. Aliyechanjwa mwaka jana ameumwa na nyoka, amegongwa na bodaboda au amekufa kwa minyoo, na mahali pake kuna watoto sita ambao hawajaguswa. Ukichanja asilimia 70 leo, kinga itashuka mwezi baada ya mwezi, lakini itakuwa haijafika mahali pa hatari wakati unaporudi. Ukichelewa kwa sababu gari ni bovu au fedha hazijatoka, virusi vinapata pengo lao.

Kwa sababu hiyo alama ya shingoni haipo kwa mapambo. Mbwa akishachanjwa huvishwa ukanda au hupakwa rangi, na mwenyewe hupewa kadi. Jioni hiyohiyo mtu mwingine hupita kijijini kwa miguu au kwa baiskeli akihesabu wenye alama na wasio nayo. Usishangae ukiona mtu mzima anakwenda polepole njiani, akisimama kila anapoona mbwa na kuandika kwenye daftari. Huyo ndiye mkaguzi. Daftari lake ndilo litakalosema kama siku ilikwenda vizuri, na wala halijali kelele na vumbi vya asubuhi.

Kwa miaka mingi, kilichowafunga mafundi hawa ni baridi. Chanjo hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi, na jokofu la uhakika lilikuwa mjini Tarime au Mugumu. Wachanjaji walitoka alfajiri na barafu na kurudi jioni. Kijiji kilipata siku moja kwa mwaka, na aliyekuwa msibani siku hiyo basi tena. Kisha mtafiti Felix Lankester na wenzake wakaijaribu chanjo ya kichaa iitwayo Nobivac nje ya jokofu. Mwaka 2016 waliripoti kwamba hata ikikaa miezi 6 kwenye nyuzi 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30, bado inawapa mbwa kinga ileile.

Likabaki swali la namna ya kuiweka kwenye nyuzi 25 katika kata isiyo na umeme. Jibu lilitoka kwa wafinyanzi. Dkt. Ahmed Lugelo, daktari wa mifugo, na wenzake walitengeneza kifaa walichokiita Zeepot na kuchapisha maelezo yake mwaka 2020. Ni chungu ndani ya chungu, na katikati yao mchanga unaolowanishwa maji. Maji yanapokauka kupitia kuta za udongo huondoka na joto, na vichupa vilivyomo ndani hupoa, kama vile mtungi wa bibi unavyopoza maji ya kunywa mchana wa jua. Wazo hili ni la kale. Huko Nigeria mwalimu Mohammed Bah Abba alilifufua miaka ya 1990 kwa ajili ya kuhifadhi mboga, na akapewa tuzo ya kimataifa ya Rolex. Mkoani Mara likapewa kazi ya chanjo. Afisa mifugo anachotakiwa kufanya ni kuweka chungu kivulini penye upepo, kukimiminia maji kwa ratiba, na kusoma kipimajoto.

Chungu kilibadilisha mwendo wa kazi. Chanjo ikikaa ndani ya kata, hailazimu kuchanja kwa siku moja ya mbio. Afisa mifugo wa kata, akisaidiwa na mtu anayeishi kijijini, anaweza kuchanja wiki hii na mwezi ujao, akamfuata aliyekosa, akawawahi watoto waliozaliwa masika. Njia hizi mbili, ya timu inayofika mara moja na ya watu wa palepale wanaochanja mwaka mzima, zimelinganishwa katika kata za mkoa wa Mara.

Mpaka na Kenya nao una mambo yake. Sirari na Isebania ni mji mmoja wenye serikali mbili, na mbwa hapiti kwenye dirisha la uhamiaji. Ulinzi wa Tarime unategemea kazi inayofanywa ng'ambo, Migori na Narok. Hata kisiwa hakina usalama wa kudumu: Pemba ilikuwa imeondokana na kichaa, ugonjwa ukarudi mwaka 2016 kutoka nje, na chanjo za haraka zikaumaliza tena kufikia 2018. Pemba inaonyesha kwamba ushindi upo, ila hakuna ruhusa ya kulala juu yake.

Aliyeumwa na mbwa wakati mafundi hawa wanaendelea na kazi yao asingoje: aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Chanjo ya binadamu ni ghali na mara nyingine iko mbali, ilhali ya mbwa ni ya bei ndogo na huzuia haja ya ile nyingine. Hesabu hiyo mzazi yeyote anaweza kuipiga, na halmashauri inapopanga bajeti yake inaweza kuipiga pia.

Mafundi hawa watarudi mwakani, kwa sababu kurudi ni nusu ya ufundi wao. Nusu nyingine iko kwa mwenye mbwa. Gari la matangazo likipita, amfunge mbwa wake kamba, na ile ndoo ya watoto isibaki nyumbani.