Damu na Mifupa: Uhakiki wa Kitabu cha Nasaba

Hapana mtu asiyependa kujua alikotoka. Mwenye jina hutaka kujua aliyempa baba yake jina, na aliyempa babu yake, na kuendelea hivyo mpaka kumbukumbu inapokoma. Wahenga walisema kuwa mwacha asili ni mtumwa, na kwa neno hilo walitupa sababu ya kuitafuta asili. Walakini hawakutuambia namna ya kuipima habari ya asili inapoletwa na mtu mwingine, naye ameiandika vizuri, na sisi tunatamani iwe kweli. Hiyo ndiyo kazi ya mhakiki. Katika kurasa hizi nakuomba, msomaji, tuifanye pamoja juu ya kitabu kimoja kihusucho watu wa Uingereza na Ireland.

Kitabu chenyewe ni Blood of the Isles, yaani Damu ya Visiwa, kilichotolewa mwaka 2006. Mwandishi wake, Bryan Sykes, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa profesa wa elimu ya urithi katika Chuo Kikuu cha Oxford. Yeye na wasaidizi wake walizunguka England, Scotland na Wales, wakiwaomba maelfu ya watu waliojitolea wawape chembe chache za miili yao. Kwa chembe hizo alitaka kujibu swali kubwa: Je, watu waishio leo katika visiwa hivyo ni wazao wa nani?

Kabla ya kuhukumu, tufahamu kwanza kitu kilichopimwa. Katika mwili wa mwanamume mna kromosomu iitwayo Y, ambayo kwa kawaida mwanamke hana. Baba humrithisha mwanawe wa kiume, naye humrithisha wake, karibu bila kubadilika. Mara chache hutokea badiliko dogo, mfano wa kosa la mwandishi anakilipo kitabu kwa mkono. Na tangu hapo nakala zote zitokanazo na nakala hiyo hulichukua kosa lile lile. Kwa kuyafuata makosa hayo mtaalamu aweza kusema kuwa wanaume wawili wasiojuana wana babu mmoja wa kuumeni. Upande wa kukeni nao una alama yake, ambayo mama huwapa watoto wake wote, lakini mabinti peke yao ndio waiendelezao.

Sykes alizigawa nasaba za kuumeni katika mbari, akazipa mbari hizo majina yaliyotoka katika hadithi za kale: Oisin, Wodan, Sigurd na mengineyo. Mbari ya Oisin, ambayo wataalamu huiita R1b, ndiyo kubwa kuliko zote. Kadiri uendavyo magharibi ndivyo inavyozidi, hata ukifika jimbo la Connacht katika Ireland ni shida kumkuta mwanamume asiye wa mbari hiyo. Tena mbari hiyo ni nyingi mno miongoni mwa Wabaski, wakaao mpakani mwa Hispania na Ufaransa. Sykes alipoyaweka mambo haya mawili pamoja, alikata shauri kuwa wahenga wa watu walio wengi visiwani walitoka rasi ya Iberia, wakapanda kaskazini kwa kuifuata pwani ya Atlantiki, tangu mwanzo wa kilimo na labda kabla yake. Mwaka ule ule Stephen Oppenheimer alitoa kitabu chake, The Origins of the British, akisogea mbali zaidi: alisema kuwa walio wengi ni wazao wa wawindaji waliotoka huko huko Iberia baada ya barafu kuu kuyeyuka, kabla hata ya kilimo. Hivyo Warumi, Wasaksoni na Waviking wakawa wageni wachache tu waliopita katika nyumba iliyokwisha kujaa wenyewe.

Kitabu cha Sykes kina sifa ambazo mhakiki mwadilifu hawezi kuzinyima. Lugha yake ni nyepesi, na elimu ngumu imefanywa chakula kilaini. Mwandishi hamdharau msomaji asiyejua sayansi. Zaidi ya hayo, anapinga kwa ushujaa kiburi cha wale walioandika zamani kuwa Waingereza ni taifa safi la Kisaksoni, bora kuliko jirani zao Waayalandi. Kwa jambo hili moja kitabu kilistahili kusomwa.

Walakini nia njema haithibitishi hoja. Itazame hoja yenyewe, msomaji, uone inaposimama na inapoteleza. Shahidi wa Sykes ni mtu aliye hai, lakini jambo linaloulizwa lilitokea maelfu ya miaka kabla ya shahidi kuzaliwa. Mtu wa Connacht na Mbaski wakiwa na alama moja ya kuumeni, alama hiyo yatuambia kuwa wana babu mmoja. Haituambii babu huyo aliishi wapi. Yamkini wazao wa mmoja walihamia kwa mwenzake. Yamkini pia wote wawili walitokewa na mtu wa tatu, aliyeishi mahali ambapo hakuna aliyepadhania. Tena, ili kujua babu huyo aliishi lini, mtaalamu hukisia kasi ya mabadiliko, kama mtu akisiaye saa kwa kivuli pasipo kujua urefu wa mti. Kasi ikikosewa, miaka 4,000 hugeuka kuwa 10,000. Kuona kitu kingi mahali leo, na kusema kwa hiyo kilikuwapo tangu awali, ndilo kosa kubwa la vitabu hivi viwili.

Hapa pana jambo la kusikitisha kidogo. Sykes mwenyewe alikuwa mmoja wa wataalamu waliotangaza mwaka 1989 kuwa DNA yaweza kupatikana katika mifupa ya kale. Baadaye alilitoboa jino la mtu wa Cheddar, ambaye mifupa yake, ya miaka kama 10,000, ilifukuliwa pangoni mwaka 1903. Lakini siku zile alama ya kukeni peke yake ndiyo iliyokuwa rahisi kusomwa, kwa kuwa nakala zake ni nyingi sana katika kila chembe. Kromosomu Y haikusomeka kwa wepesi. Ilibidi kungoja mashine mpya, na ilibidi kugundua kuwa mfupa mgumu uzungukao sikio la ndani huhifadhi DNA kuliko mifupa mingine. Basi mwandishi aliandika kabla ya mashahidi wenyewe kufika barazani.

Mashahidi hao walipofika, walisema maneno mengine. Mwaka 2006, mwaka ule ule wa vitabu vyetu, mifupa ya watu ilifukuliwa katika kisiwa cha Rathlin, kaskazini ya Ireland, karibu na baa moja. Wataalamu wa Chuo cha Trinity, Dublin, waliwapima wanaume watatu walioishi huko yapata miaka 3,500 hadi 4,000 iliyopita, na habari zao zikachapishwa mwaka 2016. Wote watatu walikuwa wa R1b. Pamoja nao alipimwa mwanamke mkulima wa Ballynahatty, karibu na Belfast, aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Huyu alifanana na wakulima wa kale wa kusini mwa Ulaya, lakini wale wanaume watatu walikuwa na sehemu kubwa ya asili yao katika nyika zilizo kaskazini ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi.

Mwaka 2018 ulikuja ushahidi mkubwa zaidi. Mifupa ya watu 400 wa kale wa Ulaya ilichunguzwa. Katika Uingereza, wanaume wa zama za wakulima wa kwanza hawakuonekana na R1b hata mmoja. Alama yao kubwa ilikuwa nyingine, iitwayo I2. Kisha, yapata miaka 2,450 kabla ya kuzaliwa Kristo, waliingia watu wenye desturi ya kuzika vyungu vya umbo la kengele. Baada ya hapo zaidi ya wanaume 9 katika kila 10 waliopimwa walikuwa wa R1b, na katika karne chache yapata asilimia 90 ya urithi wote wa nchi ilibadilishwa. Oisin, basi, hakuwa mwindaji wa Iberia. Alikuja baadaye sana, kutoka bara la Ulaya, na ukoo wake wa mbali ulitoka nyikani mashariki.

Tusiwe wepesi wa kufurahia anguko la mwenzetu. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa wakulima wa kwanza wa Uingereza walifanana zaidi na wakulima wa kale wa Iberia. Kwa hiyo njia aliyoitaja Sykes haikuwa ndoto tupu; wasafiri ndio aliowakosea, kwa kudhani kuwa wazao wao wa kuumeni ndio waliopo leo. Upande mwingine, makaburi ya England ya mashariki na kusini ya zama za Wasaksoni, yaliyoelezwa mwaka 2022, yalionyesha kuwa yapata robo tatu za asili ya waliozikwa humo zilitoka ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini. Wageni hao hawakuwa wachache kama vitabu vilivyosema.

Kosa la pili la kitabu ni la fasihi zaidi ya sayansi, nalo lina hatari zaidi. Mwandishi ampapo mwanamume jina la Oisin au Sigurd, humpa pia hadithi, na hadithi huingia moyoni upesi kuliko hesabu. Msomaji hujiona kuwa yeye ni Sigurd. Lakini hesabu mwenyewe. Una wazazi 2, mababu na mabibi 4, na waliowazaa hao ni 8. Ukifika kizazi cha kumi nyuma, nafasi ni 1,024, na nasaba ya kuumeni hushika nafasi moja tu kati ya hizo. Kumwita mtu kwa jina la nafasi hiyo moja ni kama kukiita kitabu kizima kwa herufi moja.

Tena damu ya kuumeni si ubaba wote. Huko Hazleton North, katika Gloucestershire, lilichunguzwa kaburi la mawe la miaka kama 5,700. Kati ya watu 35 waliopimwa, 27 walikuwa wa ukoo mmoja wa vizazi vitano, na ukoo ulihesabiwa kwa wanaume. Hata hivyo walizikwa humo pia watoto ambao mama zao waliwazaa na wanaume wengine. Watu wale wa kale, ambao hawakujua kuandika, walijua kuwa mtoto wa kulea ni mtoto. Nako Dorset, makaburi ya karne chache kabla na baada ya kuja Warumi, yaliyoelezwa mwaka 2025, yalionyesha ukoo uliofuata wanawake, na waume waliohamia kwa wake zao. Mwenye kuutafuta ukoo huo kwa kromosomu Y peke yake angeukosa kabisa.

Hata wafalme hawakusalimika. Mifupa ya Mfalme Richard III, aliyeuawa vitani mwaka 1485, ilipatikana mwaka 2012 chini ya uwanja wa kuegesha magari katika mji wa Leicester. Alama yake ya kukeni ilikubaliana na ya jamaa zake walio hai. Alama ya kuumeni haikukubaliana na hata mmoja wa wanaume watano ambao vitabu vya nasaba viliwataja kuwa wa ukoo wake. Mahali fulani katika orodha ile ndefu, baba aliyeandikwa hakuwa baba aliyezaa. Nasaba iliyochapishwa kwa fahari ilikanushwa na kiunzi cha mifupa.

Nakuonya, msomaji, usiwaabudu wataalamu wapya kama wengine walivyowaabudu wa jana. Asilimia 90 ni hesabu ya watoto waliobaki na kuzaa. Si habari ya vita, wala ya ndoa, wala ya maradhi. Mifupa hiyo haisemi ni kwa njia gani wageni walizidi wenyeji. Akujiaye na hesabu hiyo pamoja na hadithi ya mauaji, mwulize ushahidi wa hadithi umetoka wapi.

Onyo hili latuhusu hata sisi. Mwaka 2023 elimu hii hii ilitumika juu ya mifupa ya watu 80 wa miji ya kale ya pwani yetu na bara yake, pamoja na Mtwapa na Manda. Ilionekana kuwa wengi wao upande wa kukeni walikuwa Waafrika, na upande wa kuumeni wengi walikuwa na asili ya Uajemi. Mara wakatokea watu walioshika upande mmoja wa habari wakauacha wa pili, kila mtu kwa matakwa yake. Kosa lao ni lile lile la kumpa Oisin nyumba nzima.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kisome kitabu cha Sykes kwa uzuri wa maelezo yake na kwa vita vyake juu ya kiburi cha taifa, lakini usikishike kama habari ya kweli ya mababa wa visiwa vile. Ikiwa haki ya mtu katika nchi yake inategemea babu aliyetangulia kufika, basi haki hiyo itahama kila mfupa mpya unapofukuliwa. Na mwanamume wa Connacht aliyeambiwa mwaka 2006 kuwa yeye ni mwenyeji wa miaka 10,000 angalipunguziwa zaidi ya nusu ya haki yake mwaka 2018, naye amekaa pale pale akilima shamba lile lile. Asili ni jambo la kujua. Kuigeuza kuwa hati ya kumiliki, au kipimo cha utu, ni kuibebesha mzigo ambao damu wala mifupa haiwezi kuuchukua.